Jiwe la Bibi Kivukoni

Ulikuwa mwaka tuliokula unga wa njano. Ukimkuta mzee wa kijijini kwetu Gorong'a ukamtajia hivyo, hatakuuliza tarehe. Mashamba ya wimbi yalikuwa yameungua kwa jua, ng'ombe wamekauka viwele, ndipo likaja lori la magunia ya unga huo wa msaada. Ugali wake ulikuwa na rangi ya mavi ya mtoto mchanga, nasema bila haya, na ulinuka gunia. Tuliula. Tulilamba na chungu.

Nimeukumbuka mwaka huo juzi, mjukuu wangu aliponipeleka mtoni kwetu. Siku hizi kando ya mto kuna njia ya kutembeza wageni, imefagiliwa, ina vibao, na miti yake haiguswi. Mimi mwenyewe ndiye niliyeomba kupelekwa. Ng'ambo ya mto ndiko alikozikwa shangazi yangu, na magoti haya yananiambia mwaka ujao sitafika.

Njia hiyo wanayoisifu naijua ikiwa mbichi. Ilikuwa barabara ya wakata magogo, na waliichimba mwaka uleule wa unga wa njano. Mtoni kulikuwa na mivule minene, tukijificha nyuma ya shina hata mbuzi wetu hawakutuona. Ikaangushwa kutwa nzima. Kila ulipolala mmoja, maji yalitikisika mtungini. Harufu ya mbao mbichi ilikuwa tamu, nami niliipenda. Mtoto anajua nini?

Taabu yao ilikuwa kivuko. Udongo wetu mweusi ukipata maji unanata kama ugali wa moto, na lori likazama na magogo yake. Nyapara wao akapita nyumba kwa nyumba akitaka mawe bapa. Sasa kwetu mawe bapa ni yapi, kama si ya kusagia? Huku akicheka aliwaambia wanaume kwamba unga tunakula wa gunia, umeshasagwa, mawe ya nini tena. Wanaume wazima, wenye ndevu zao, wakaona ni kweli. Walidhani gunia litakuja milele. Baba yangu akalibeba begani jiwe la mama yake, mchana kweupe, akarudi na chumvi kidogo.

Jiwe lile bibi alilipokea kwa mama mkwe wake siku alipokabidhiwa jiko, naye mkwewe alilipokea kwa wake. Mtoto akilikalia alichapwa. Kuku akilipanda alirushiwa kijinga cha moto. Katikati lilikuwa na bonde lililochimbwa na mikono ya wanawake. Alfajiri niliamshwa na mkwaruzo wake, bibi akiimba puani, nikajua tutakula.

Siku alipolikuta kivukoni nilikuwa nimeshika nguo yake. Lilikuwa limepangwa na mengine, bonde limeangalia juu, limejaa tope. Nyapara akamwambia, "Pita, mama, sasa hutalowa miguu."

Bibi akamtazama. "Jiwe lililonilisha mimi silikanyagi."

Watu walicheka, baba akacheka nao. Mvua zikarudi, wimbi likavunwa, magunia yakakoma kuja. Bibi yangu, mwanamke aliyekuwa akisagia wageni bila kuitwa, akawa anakwenda kwa jirani kuazima jiwe.

Kisha shangazi, binti yake aliyeolewa ng'ambo, akafa kwa uzazi. Mto ulikuwa umejaa kote isipokuwa pale palipoinuliwa kwa mawe. Sote tulipita kivukoni. Bibi akazunguka juu peke yake kutafuta pengine pa kuvukia, na alipofika kwenye msiba, majembe yalikuwa yameshaoshwa. Hakumlaumu mtu. Ila baba hakupata tena uji wa mkono wake.

Basi juzi tukafika palepale. Anayetuongoza ni binti mwenye adabu, amenipa shikamoo yake, amenishika mkono. Jiwe lipo. Linang'aa kwa viatu vya wageni. Nikamwambia hilo ni la bibi yangu. Akasema kumbe, mbona kwenye kibao wameandika ni la watu wa kale.

"Watu wa kale ni mimi," nikamwambia. Mjukuu wangu akaanza kucheka, akaniona uso, akaacha.

Nikavua kandambili nipite majini. Binti akanizuia kwa upole: kutoka nje ya njia hairuhusiwi, mto unahifadhiwa. Nikauliza kama jiwe linaweza kuinuliwa nipite. Akasema nalo linahifadhiwa. Mivule ilipokuwa inalia ikianguka, neno hilo lilikuwa limelala wapi? Sasa mvule hata mmoja hakuna. Kuna vichaka, na kibao chenye picha ya ndege.

Niliiona ng'ambo. Minyaa ya ua wa shangazi bado imesimama, nyumba haipo. Na huku kwetu hakuna tena anayeamshwa na mkwaruzo wa jiwe. Nyapara alishinda, mwenzangu. Sote tunakula unga wa gunia, hata mimi, tofauti ni kwamba sasa ni mweupe.

Binti akanivuta mkono taratibu. "Kanyaga tu, bibi. Mbona wote wanakanyaga? Hapo tu, halafu uko ng'ambo."

Nikavaa kandambili zangu.

"Jiwe lililonilisha mimi silikanyagi."