Fyuzi ya Karatasi ya Sigara

Asubuhi niliyoondoka mtaa wa Saint-Gilles, huko ugenini, sikuwa na mahali pa kwenda. Nilikuwa nimelala miezi mitatu katika chumba karibu na stesheni ya Midi, na kwangu miezi mitatu mahali pamoja ni mingi. Nilitia begini nguo, bisibisi, koleo, na balbu ya indiketa niliyoiunga nyaya mbili. Vifaa hivyo nilivibeba kila nilikokwenda, kama wengine wanavyobeba picha za watoto wao. Shule niliiacha darasa la sita. Umeme nilijifunza kwa kukaa karibu na mafundi na kuwauliza maswali hadi wakanifukuza.

Nilifuata reli za tramu kuelekea mtaa wa Forest. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Kwenye barabara ya mteremko nikakuta kombi kuukuu, boneti imeinuliwa, na mbele yake mtu mrefu, mnene, aliyevaa koti la kanisani. Alikuwa akiisema injini kwa Kiswahili cha Bukavu.

"Shikamoo mzee. Imekataa?"

Aligeuka. "Uko Mutanzania, wewe. Munaongeaka kama radio." Akapangusa mvua usoni. "Na ni radio iko inaniua hapa."

Redio aliifunga kombini mwenyewe wiki mbili nyuma. Kazi ya mzee ilikuwa kuwapeleka wanawake wanne kusafisha ghala moja nje ya mji, ambako hakuna basi, na njiani walitaka nyimbo za kwaya. Tangu hapo kombi ilikuwa ikiwaka vizuri, inakwenda mtaa mmoja au miwili, taa zinafifia, harufu ya plastiki inapanda, injini inakufa. Wiki ile alikuwa amechelewa mara mbili.

"Leo ni mwisho wa essai, banamaliza kunijaribu," alisema. "Chef wa kazi anatungoja à treize heures, saa saba. Nikifika, ananipa contrat. Nikichelewa, basi, nisirudi tena. Na bila contrat, commune, ile ofisi ya mutaa, haitapokea dossier ya kuleta bibi yangu na batoto huku. Biko Nairobi, mwaka wa pili sasa."

Saa sita alitakiwa kuwachukua wale wanawake. Ilikuwa saa nne na nusu. Redio yenyewe alikuwa ameshaing'oa. Ilikaa kando ya barabara ndani ya mfuko wa plastiki, na bado kombi ilikuwa imemfia tena.

"Unajua mambo ya courant?"

Nikasema umeme naujua. Gari la aina ile nilikuwa sijawahi kuligusa.

Nilifungua waya hasi wa betri, nikaiweka balbu yangu katikati, kati ya waya na betri. Kila kitu kikiwa kimezimwa, balbu haitakiwi kuwaka. Ikiwaka, kuna mahali umeme unavuja. Haikuwaka. Nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikasukuma kila waya niliouona chini ya dashibodi.

"Inawaka?"

"Hapana kintu."

Nilirudia mara tatu, kisha nikarudi mbele kuishika balbu mwenyewe. Saa tano ikapita. Yule mzee alizidi kuitazama saa yake. Mmoja wa wale wanawake, aliyekaa nyumba ya jirani na hapo, akateremka na mkoba wake, akasimama mlangoni.

"Papa, ni leo tena? Na huyu ni nani?"

"Fundi, maman."

"Fundi wa nini? Ana balbu moja." Akamtazama mzee alivyolowa. "Ingia ndani, papa. Chef akikuona hivyo atasema umetoka mutoni."

Mzee akapanda, akajitupa kwenye kiti cha dereva. Balbu ikawaka mkononi mwangu, kali, nikafumba macho.

"Mzee, simama."

Ikazimika.

"Kaa."

Ikawaka.

Yule maman akaziba mdomo. "Donc gari inakataa kilo zako."

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, lakini mimi nilikuwa mwembamba kama fito. Nikamwomba asiinuke. Nikachomoa fyuzi za kwenye kisanduku moja baada ya nyingine, na balbu iliendelea kuwaka. Basi umeme huu ulikuwa na njia yake nyingine. Nilirudi kwenye betri, nikapapasa, nikapata waya mwekundu uliofichwa chini ya utepe mweusi.

"Na huu?"

"Ile ni ya ampli, ya kukuza sauti, iko nyuma. Haina sauti bila radio. Si nimetosha radio, iko pale inje?"

Waya ulikuwa na fyuzi yake ndogo. Nilipokifungua kikopo chake, fyuzi ilikuwa imevishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

"Zilikuwa zinakufa," alisema kutoka kitini, bila kunitazama. "Siku tatu, fyuzi tatu. Kwetu tunafungaka karatasi, na gari inafika Uvira."

Sikuweza kumlaumu. Kigoma nilikwishafanya hivyo mwenyewe, nikasifiwa. Fyuzi ilikuwa ikimwambia jambo kila siku, naye akaiziba mdomo.

Tulikunja zulia. Waya ulipita chini ya reli ya kiti, na reli ilikuwa imeuchuna hadi shaba ikaonekana. Alipokaa yeye, chuma kiliigusa. Zulia lilikuwa limeungua duara jeusi, na sponji ya kiti ilikuwa juu yake kwa upana wa kidole. Maman alirudi nyuma hatua moja.

Saa sita kasoro robo.

"Weka scotch, funika ile shaba, twende," mzee alisema.

"Naukata."

Akanishika mkono. "Na ukikata, gari ikikataa?"

Sikuwa na uhakika. Nilimwambia hivyo. Alinitazama, akatazama saa, akaniachia mkono. Nikaukata waya pale kwenye betri, nikarudisha waya hasi mahali pake. Alipowasha, injini ilikohoa tu. Betri ilikuwa imechoka. Tukaisukuma kombi kwenye mteremko, maman na mimi, viatu vikiteleza, hadi ikashika.

Tukawapitia wale wanawake wengine watatu, nami nikaenda nao. Njia nzima nilichuchumaa kando ya dereva, kiganja juu ya zulia, nikingoja joto. Kwenye barabara kuu ya kuzunguka mji magari yalisimama, yakasogea, yakasimama tena. Zulia lilibaki baridi.

Tulifika saa saba kasoro dakika nne. Chef alikuwa getini. Aliangalia saa yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akalaza karatasi ya mkataba juu ya boneti. Mvua ilidondokea saini ya mzee, akaifunika kwa mkono wake mpana hadi ilipokauka.

Wanawake walipoingia kazini, mzee alirudi, akakaa, hakuwasha gari.

"Unalala wapi?"

"Sijajua bado."

"Kesho nikipanda hapa, nataka ukuwe karibu."

Alinipeleka kwake Ganshoren, kwenye mtaa ambao nilisikia hatua zangu mwenyewe. Nyuma ya jiko kulikuwa na chumba chenye vitanda vitatu, vyote vimetandikwa, hakuna kilichowahi kulaliwa.

"Ile ya dirishani ni ya mutoto wangu mukubwa," alisema. "Lala pale. Batoto bakifika, utatafuta kwingine."

Nikaliweka begi chini ya dirisha.