Msamaha Aliopewa Maiti

Kisiwani Tumbatu, kaskazini ya Unguja, mama yangu ameshasomewa khitma ya maiti mara tatu. Mama yu hai. Anaishi nasi Hamriya, Maskati, na juzi tu kanikemea kwa kuzidisha chumvi kwenye mchuzi.

Nilipoondoka sikuwa na habari ya khitma hizo. Nilikwenda kumwombea radhi. Zamani mama alihamia Maskati na baba, akamwacha dada yake mkubwa, Bi Mize, na mama yao mgonjwa. Aliahidi kurudi baada ya Idi. Zilipita Idi tatu, bibi akazikwa mama hayupo. Tangu hapo Bi Mize hakuzungumza naye. Mwaka huu moyo wa mama umedhoofika. Akaniambia, "Nenda weye. Mie sitaki kufa dada yangu kanikasirikia."

Alhamisi nilipanda ndege. Ijumaa asubuhi nilifika bandari ya Mkokotoni, Unguja, nikavuka kwa boti ya mashine pamoja na magunia ya unga, mabati na godoro la bibi harusi. Tulipishana na watu wenye majembe. Kisiwa ni jiwe tupu kwa sehemu kubwa, na wengi mashamba yao yako ng'ambo, upande wa Unguja. Huvuka kulima, wakarudi kulala.

Kijijini Jongowe, wanawake walikuwa barazani wakisuka ukili, wakizungumza bila kuinua macho. Nilielekezwa kwa Bi Mize. Mlangoni nilipokewa na Asha, bintiye. Nikamwambia mie ni mtoto wa Bi Time wa Maskati.

"Pole, ndugu yangu," akasema. "Ila umechelewa. Sisi tushamlilia."

"Nani?"

"Mamaako."

"Mama mzima! Nimemwacha anakunywa chai."

Asha alikaa chini, mkono mdomoni. "Jamani! Na pilau ya watu tushaila mara tatu!"

Tukafuatilia ilikuwaje. Miaka mitatu nyuma mama alilazwa. Alipopata nafuu nilimpigia Asha simu, nikasema, "Mama katoka," laini ikakatika. Nilikusudia hospitali. Yeye alisikia "katutoka." Wiki ile ile simu yake ikaanguka baharini, na namba zetu zikenda nayo. Kimya chao mie nilikidhania ugomvi wa zamani.

"Na sie tulisema Waarabu hao," Asha akasema, "wanajiona, hata msiba hawatushirikishi."

Bi Mize alisikiliza yote akiwa mkekani.

"Mama, si ulisema mbele ya watu umemsamehe?" Asha akamuuliza.

"Nilimsamehe maiti. Maiti hana tena la kufanya. Huyu yu hai, ana miguu. Aje."

"Miguu haina nguvu, Mama Mkubwa," nikamwambia. "Zungumza naye kwa simu."

"Simu ndiyo iliyomuua."

Nilikaa siku mbili. Alinilisha pweza wa nazi, akanipeleka kwenye kaburi la bibi, analolipalilia mwenyewe. Pale akaniambia, "Kila siku mama akiniuliza, Time keshafika? Mie namwambia yu njiani."

Jumapili alinisindikiza mpaka pwani. Boti ilikuwa ishawashwa aliponiuliza, "Nywele zake zishakuwa nyeupe?"

"Zote."

Akaitika kwa kichwa. Hakunipa salamu za kupeleka.

Jumatatu, Hamriya, nilimweleza mama neno kwa neno, hata lile la khitma. Hakucheka. Nilikuwa nimedhani radhi ni kama salamu, mtu aweza kutumwa akaileta. Nimejua sivyo, na mama alielewa kabla sijamaliza kueleza.

"Kasema haki," akanijibu. "Nitafutie pasi yangu ya kusafiria."

Pasi ilikuwa imekwisha muda; sasa imeshabadilishwa. Daktari bado hajasema kama moyo wake utastahimili ndege.