Nilimchoma Karanga Sindano ya Ng'ombe

Ndugu zangu, kosa ni langu na sina wa kumsingizia. Nimemuua mbwa wa binti yangu kwa mkono wangu, huku najiita mtaalamu!

Mimi ni mfugaji huku Majimoto. Ng'ombe wangu nawachoma sindano mwenyewe, na majirani wakiuguliwa na ndama huniita mimi. Wamenizoesha jina la "dokta". Sifa hizo, jamani, zilinivimbisha kichwa.

Karanga alikuwa mbwa mdogo, miguu mifupi, hata mbuzi walikuwa hawamwogopi. Binti yangu Minza alimlea tangu hajafumbua macho, akimlambisha maziwa kwa kidole. Wakati wa kuvuna mpunga, Karanga akaanza kususa chakula. Akawa wa kutapika na kulala tu, na weupe wa macho ukageuka manjano.

Minza alilia mpaka nikakubali tumpeleke Mpanda mjini kwa daktari wa mifugo. Daktari huyo, mama wa makamo, alimtazama fizi, akambonyeza tumbo taratibu, akamtoa damu ya kupima.

"Nahisi ini lina shida," alisema, "ila siwezi kusema kwa uhakika mpaka majibu yaje. Mpeni chakula laini, kidogo kidogo, na maji. Dawa nyingine yoyote usimpe, mzee wangu. Ini likiwa bovu, hata dawa nzuri inageuka sumu."

Nikaitikia. Lakini moyoni nilisema, huyu ananifundisha nini? Macho ya manjano nimeyaona kwa ng'ombe maisha yangu yote. Hiyo si ndigana, ugonjwa wa kupe? Sindano moja tu anasimama!

Kesho yake Karanga alikunywa uji kidogo, hata mkia akatikisa. Ningemwacha! Minza alipokwenda shule, nikavuta dawa ya ng'ombe kwenye bomba la sindano. Kipimo nilikadiria kwa macho, kwamba mbwa ni mdogo kuliko ndama, basi nikapunguza, nikamchoma. Karanga hakunibwekea. Alinilamba mkono.

Minza aliporudi alimkuta anatetemeka, povu mdomoni. Akampakata vilevile na sare zake za shule. Jua halijazama, Karanga akakata roho.

Nilimwambia ukweli. Akanitazama, akauliza, "Baba, si daktari alikukataza?"

 

Majibu yalipotoka, daktari alinipigia simu. Ini lilikuwa linaumwa kweli, lakini kwa chakula na dawa zake pengine lingetulia. Pengine! Neno hilo linanitafuna. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kumbe guu lenyewe laweza kuwa la mwenzio.

Juzi Minza alishikwa na homa. Nilikuwa nje, chini ya dirisha, natengeneza jembe, nikamsikia akimnong'oneza mama yake.

"Mama, usimwambie baba. Atanichoma."

Nililia, ndugu zangu. Mwanaume mzima, nimeshika jembe, nalia!

Wafugaji wenzangu, nyie mnaojiita madokta kama mimi, ukiambiwa subiri, subiri. Ukiambiwa usimpe dawa, weka bomba chini. Mbwa mwingine hata jirani atakupa bure. Lakini mtoto anayekuficha homa yake, huyo utamtibu na nini?