Kilio cha Mlango wa Nyuma

Juzi wanangu walinikokota mpaka sinema, eti twende tukacheke. Filamu yenyewe ilihusu mabwana wa Kiingereza, wale wa majumba na vyeo vya kurithi. Ndugu wanatiliana sumu wakigombea nyumba, halafu wanasimama kwenye maziko ya waliyemuua wakilalamika kwamba chai imepoa. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mimi, rafiki yangu, nilikaa na bisi zangu mapajani, sikucheka hata chembe. Maziko kama yale niliwahi kuyahudhuria, tena bila tikiti.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Washwood Heath, mtaa wa Birmingham, hatukuwa na muda mrefu tangu tutoke Kongo, na mama alipata kazi ya kusafisha jumba moja nje ya mji, mabasi mawili na mwendo wa miguu. Mwenye jumba alikuwa bibi kizee mwenye cheo, mjane. Shule zikifungwa, mama alikwenda nami. Ninaikumbuka mpaka leo harufu ya nta tuliyosugulia ngazi. Tukimaliza, bibi alituketisha mezani kwake, akatumiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akala mandazi ya mama na kujilamba sukari vidoleni. Mama hakujua Kiingereza, bibi hakujua Kiswahili, nami nikawa katikati nikitafsiri. Mwanawe wa pekee alikuja Krismasi tu, akiangalia saa.

Bibi alipofariki tulipigiwa simu: mama asije tena kazini. Basi, hayo tu. Mama alikaa sakafuni akalia. Kisha akainuka, akafunga kitenge, akawaita wamama wa kwaya. Kwetu mtu haombi ruhusa ya kwenda kilio. Mwenzako akifiwa unakwenda, unapika, unatandika mkeka, unalala naye. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," mama alisema, akanipa mwiko. Nilikoroga sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, mpaka mkono ukafa ganzi.

Siku ya maziko tukapanda gari la kanisa na sufuria la sombe, dagaa wa kukaanga, beseni la mandazi, mikeka, mablanketi na magodoro mawili. Jamani, magodoro! Kwa mabwana!

Mlango ulifunguliwa na yule mwana. Alimtazama mama, aliyemfulia mashuka kila Krismasi, asimtambue. Akasema, kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku, kwamba wahudumu wanapitia nyuma, na harufu ile isiingie ndani.

Wamama wote wakanigeukia.

"Anasema nini, mwanangu?" mama aliuliza, macho yamevimba.

"Anasema aksanti kwa kuja," nikamjibu. "Anasema tupite nyuma. Ndugu wote wanapita huko."

"Munaona?" mama akawaambia wenzake. "Batu bazuri hawa."

Tukakaa jikoni. Wamama waliimba taratibu, wakamlilia bibi wa watu kwa machozi ya kweli, na sidhani kama kuna mwingine aliyelia katika nyumba ile. Kutoka sebuleni tulisikia glasi zikigongana na watu wakicheka. Hakuna aliyekuja kutupa mkono wa pole. Mama alipofumba macho kuomba, mpishi wa kukodiwa alilichukua sufuria letu akaimwaga sombe yote kwenye pipa la taka. Nilimwona. Nilitamani kumng'ata. Halafu akaniambia tuondoke, nami nikaongopa tena: wanasema chakula wamekipokea, na sisi tumechoka, twende tukapumzike.

Siku hizi jumba lile ni hoteli ya harusi. Wamama wale wametawanyika, wengine wamezikwa, na mtu akifiwa tunamtumia picha ya mshumaa kwenye simu tukaendelea na shughuli zetu. Mama naye alituacha mwaka jana. Mpaka ugonjwa wake wa mwisho, kila Jumapili, alimwombea yule bwana kwa jina: mtu mwema aliyetupitisha mlango wa ndugu. Alimwombea kabla ya kutuombea sisi aliotuzaa, nami nilikuwa nimepiga magoti kando yake, naitikia amina.

Miaka yote hiyo nilidhani nimemlinda mama. Kumbe niliyemlinda ni fedhuli yule. Pengine duniani kote ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwombea kwa moyo safi, na mimi ndiye niliyempa mtu huyo.