Mama Mkwe Anataka Nijisafishe Mbele ya Watu kwa Sababu ya Dawa za Damu

Admin, naomba ufiche kila kitu, na mimi mwenyewe baadhi ya mambo nimeyabadilisha. Ni binti wa miaka ishirini na saba, kazi yangu ni kupanga na kufunga maua kwenye shamba moja huku Usa River. Nina mchumba, nitamwita Elibariki, siyo jina lake. Jumamosi ijayo watu wa kwao wanakuja kuleta mahari, na badala ya kufurahi nalia kila nikikaa peke yangu.

Mwanzoni mwa mwaka huu bodaboda iliniangusha nikavunjika kifundo cha mguu. Nikafungwa plasta, nikalala tu kitandani kwa mama mdogo Nkoaranga, ambaye ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Plasta ilipotolewa, mguu uleule ukaanza kuvimba nyuma ya goti kushuka chini, unauma na una joto. Mimi kwa ujuaji wangu nikasema ni misuli imelala sana, nikawa nauchua kwa mafuta kila jioni. Siku moja napandisha kilima cha kwetu kutoka dukani, pumzi ikakata, kifua kinachoma kama nimechomwa sindano ya kushonea magunia. Mama mdogo hakusubiri nijieleze, alinipeleka hospitali akiwa na kanga na ndala za ndani. Wakanipiga ultrasound ya mguu na picha ya kifua, wakakuta damu imeganda kwenye mshipa na kipande kimeshapanda mapafuni. Daktari akasema nina bahati ya kufika. Akanikataza kabisa kuuchua ule mguu, akanipa dawa za kuzuia damu kuganda, nimeze kila siku saa ileile mpaka yeye aseme basi. Kwa hiyo unayesoma hapa, mguu mmoja ukivimba na kuuma hivyo, wacha mafuta, nenda hospitali.

Niseme ukweli, dawa ziliniogopesha kuliko ugonjwa. Aliyenishika mkono ni mama mdogo. Yeye anaishi na virusi vya Ukimwi, anatumia dawa miaka mingi, na zaidi yangu na watu wa kliniki hakuna anayejua. Alinitegeshea kengele kwenye simu saa tatu usiku, saa yake yeye, akawa ananiita jikoni tunameza pamoja, tunagonganisha vikombe vya maji kama maharusi. Nikisusa ananiambia, "Meza mwanangu. Kidonge hakina habari na maneno ya watu."

Mwezi uliopita nikaenda kwa kina Elibariki, Ngaramtoni, kusaidia sherehe ya kipaimara cha mdogo wake, nikalala huko. Kengele ikalia tukiwa mezani, nikameza. Mama yake akatazama, akaniongezea hata loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando. Wiki haijaisha, shangazi wote wanajua kwamba mkwe anayekuja yuko kwenye dozi. Nilimfuata mama yake, nikampa shikamoo yake, nikamweleza habari ya damu kuganda. Akacheka. Akasema hayo ni magonjwa ya wazee wanaoshinda wamekaa, binti wa umri wangu damu yake igande imepatwa na nini. Nikaondoka nimevimba kwa hasira, na safari hii siyo mguu.

Elibariki anajua kila kitu kuhusu mguu wangu. Na vipimo tulishapima wote wawili kwa ajili ya ndoa, hatuna virusi. Lakini juzi kaniletea ujumbe wa mama yake: kabla mahari haijapokelewa nisimame mbele ya pande zote mbili niseme sina Ukimwi, na majibu yaonekane. Nikamuuliza, na wewe umemjibu nini?

"Si uko safi?" akasema. "Dakika moja tu, yanaisha."

Hilo neno safi limenikaa kooni. Kikao kitafanyika sebuleni kwa mama mdogo. Yeye ndiye atakayekuwa amepika, amekaa kwenye kochi lake, anamsikiliza mtoto aliyemlea akiapa kwa wageni kwamba hana alicho nacho yeye, na wageni wanapiga vigelegele. Elibariki hajui habari zake na siwezi kumwambia, siyo siri yangu. Kwa hiyo ananiona nina kiburi, na ameanza kuniuliza kama kuna kitu namficha. Kipo, ila siyo anachodhani.

Ilibidi nimwambie mama mdogo. Nilitegemea atakasirika. Alikuwa anamenya ndizi, wala hakuacha. Akasema, "Simama useme, mwanangu, uolewe. Mimi wakati huo nitakuwa jikoni nageuza nyama." Nilitoka nje nikalia mpaka kichwa kikauma, maana hata hakuona ajabu kuombwa hivyo.

Nampenda Elibariki, sitaki niwadanganye. Nikisimama, nitaolewa kwenye nyumba ambayo mama mdogo akija kuona wajukuu itabidi ajifiche kumeza dawa zake, na mimi ndiye nitakuwa nimewapigia makofi. Nikikataa, wageni watabeba mahari yao warudi Ngaramtoni, na yeye atabaki akijua nimekosa ndoa kwa ajili yake. Hilo naona litamuumiza kuliko yote.

Mlioolewa, mliolea watoto wa ndugu zenu, mnaomeza dawa kila siku kama sisi, nisaidieni kabla ya Jumamosi. Nisimame, au nikae?