Mkono wa Mwalimu Wachuka

Salwa Yasin alizaliwa Majengo, mjini Nyeri, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Tangu utotoni alikuwa akiwaketisha wadogo zake chini na kuwafundisha kwa kuandika ukutani na kipande cha makaa, akachapwa kwa kuchafua ukuta, na kesho yake akarudia. Basi alipoajiriwa kuwa mwalimu akiwa na miaka ishirini na minne, mama yake hakushangaa. Aliuliza tu, "Mukurweini? Hata wewe, Salwa, mbali hivyo?"

Shule ilikuwa juu ya mteremko wa kahawa, nje ya mji wa Mukurweini. Mwalimu mkuu, Bwana Wambugu, alimpokea mlangoni mwa Gredi ya Tatu, muhula wa tatu ukianza, akamweleza kwa sauti ya chini. Mwalimu wa darasa hilo, Wachuka, alikuwa amefariki likizo ya Agosti. Aliugua siku nne tu. "Watoto walifungua shule wakitarajia kumpata," akasema. "Sijui wameelewa nini."

Salwa aliingia, akavuta kiti, akaketi. Darasa zima likavuta pumzi kwa pamoja.

"Hiyo kiti ni ya Ticha Wachuka," mtoto mmoja akasema.

Akainuka. Siku hiyo nzima alifundisha amesimama.

Lakini kilichomtia baridi mwilini hakikuwa kiti. Alipokusanya madaftari, aliona watoto arobaini na mmoja wameandika kwa mkono mmoja, mwandiko ule ule. Herufi zote zililalia kulia, na kila "y" ilikuwa na mkia uliojikunja kama kikonyo cha boga. Akafungua rejista ya zamani aliyoijaza Wachuka: mkia ule ule. Alipekua daftari baada ya daftari, kama mtu anayebisha hodi nyumba nyingi na kila mlango unafunguliwa na uso mmoja. Kesho yake aliandika ubaoni herufi zake mwenyewe, zilizosimama wima. Watoto walinakili kila neno, kisha wakalitia mkia. Akawakaripia. Hakuna aliyelia, walimtazama tu, na yeye ndiye aliyeona haya.

Wiki ya pili, wakati wa mapumziko, alirudi darasani kuchukua chaki akasikia watu wawili wakizungumza. Mmoja alikuwa mtoto, akikwama kwenye neno. Wa pili alikuwa mwanamke, mpole, mwenye lafudhi ya huko na mikwaruzo ya kikohozi: "Porepore, mami. Herufi haikimbii."

Nywele zikamsimama chini ya hijabu. Alipochungulia, alimkuta Murugi peke yake, msichana wa miaka tisa ambaye walimu wote walisema hajui kusoma. Kidole kilikuwa kitabuni.

"Unaongea na nani, Murugi?"

"Na ticha." Sauti ilikuwa imerudi kuwa ya mtoto. "Alisema tutamaliza hii page. Hatukumaliza."

Salwa alitamani kuondoka. Badala yake alibana magoti kwenye dawati dogo, ubavuni mwa Murugi. "Mlifika wapi?" akauliza.

Ukurasa ule uliwachukua wiki tatu za mapumziko. Ilikuwa habari ya ng'ombe aliyepotea. Siku Murugi alipofika kwenye nukta ya mwisho bila kukwama, alirudia sentensi nzima kwa nguvu, akacheka, akampiga Salwa begani kama rika lake. Salwa alihisi furaha ikimpanda kifuani hadi machozi yakamtoka, furaha ambayo chuoni walikuwa wameitaja lakini hawakuweza kuieleza. Kisha akahisi pia kwamba si yeye peke yake aliyekuwa akifurahi mle ndani. Hakuthubutu kugeuka.

Murugi akamgeukia. "Ticha, na wewe utakufa?"

"Nitakufa, siku moja. Siijui. Lakini leo niko."

Murugi akafunua ukurasa uliofuata.

Siku ya kufunga shule, Murugi alisoma mbele ya wazazi. Mama yake Wachuka, kikongwe aliyeshika mkongojo, alikuwa ameketi mstari wa mbele. Mtoto aliposoma, akipumzika kila baada ya nukta na kukohoa kidogo, bibi yule aliinua kichwa, akageuka kuutazama mlango. Salwa naye akageuka. Mlango ulikuwa wazi, na nje mvua ilikuwa ikianza.

Baadaye kikongwe alimshika Salwa mkono asiuachie. "Ni wewe umemfundisha?"

"Tulikuwa wawili, shosho."

"Najua," akasema. "Nimemsikia." Wakabaki wameshikana mikono, wazazi wakiwapita mbio kuuvuka uwanja kabla haujalowa. Hatimaye kikongwe akamwomba amwonyeshe daftari moja, lolote lile, auone mkono wa bintiye, na Salwa akaenda kabatini kulitafuta.