Mtafiti na Dagaa wa Mbalamwezi

Juzi asubuhi, mwaloni Ujiji, wavuvi wanaposhushia samaki, nilimkuta yule mtafiti wa samaki aliyesimamishwa kazi kwa kutunga takwimu. Aliandika kwamba dagaa walivuliwa tele usiku wa mbalamwezi, wakati huku kwetu usiku wa mbalamwezi hakuna anayekwenda kuvua, maana mwezi ukiwaka taa za wavuvi haziwavuti dagaa. Sasa amerudishwa, chini ya msimamizi.

"Shikamoo, mama. Jana mmepata nini?" alimuuliza muuza dagaa.

"Marahaba. Mwezi ulikuwa mkubwa, wavuvi hawakuingia ziwani, hatukupata kitu."

Akaandika, akamgeuzia karatasi aone: "Hakuna."

Mama akacheka, akamsogezea kigoda. "Haya, kaa. Giza likirudi, uje upime dagaa wa kweli."

Wapo wanaosema hakustahili kurudi. Mimi takwimu zake za zamani siziamini hata leo, ila hilo "hakuna" naliamini kabisa.